Kuendesha Shamba Dogo la Familia la Nyuki na Mbegu

Familia inayofuga nyuki na kuzalisha mbegu mahali pamoja hunufaika na jambo lilelile linaloweza kuitia hasara: nyuki huchavusha kila ua analolifikia, liwe limepandwa kwa makusudi au limejiotea. Mbegu za maboga, matango, alizeti na vitunguu hupatikana kwa wingi pale nyuki wanapokuwapo, na mizinga hupata mbochi, yaani maji matamu ya maua, wa kutosha pale mimea hiyo inapochanua. Lakini nyuki huyohuyo akitoka katika ua la boga la aina moja na kuingia katika ua la aina nyingine, huacha chavua, yaani vumbi la uzazi la ua, inayoharibu usafi wa mbegu, na tunda lenyewe halitaonyesha dalili yoyote mwaka huo. Kwa sababu hiyo nashauri kazi ianze na ramani ya maua kabla ya kununuliwa mzinga hata mmoja. Kosa la mbegu hujulikana msimu unaofuata, wakati halina tena dawa.

Nyuki wengi hutafuta chakula ndani ya kilomita 3 kutoka mzingani, na chakula kikiadimika huenda mbali zaidi. Duara la kilomita 3 kila upande ni eneo la zaidi ya hekta 2,800, na hakuna familia ndogo inayomiliki ardhi ya ukubwa huo. Zungukeni basi kwa miguu, mwandike ni miti na mimea gani iliyopo, inachanua mwezi gani, na majirani hupanda nini. Angalieni pia ndugu za mwituni za mazao mnayoyataka, maana karoti-mwitu iliyo kando ya barabara huchanganyika na karoti ya shambani bila shida. Ramani hii ikamilishwe kwa mwaka mzima, nayo itawaonyesha mambo mawili kwa pamoja: miezi ya njaa ambayo nyuki watahitaji akiba yao wenyewe, na mazao ambayo usafi wa mbegu zake hauwezi kulindwa hapo mlipo.

Kuchagua mazao ya mbegu

Mazao hutofautiana sana katika namna yanavyochavushwa, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kazi itakuwa nyepesi au nzito. Nyanya, saladi, njegere na maharage ya kawaida hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa, hata mita chache za nafasi, pamoja na mstari wa zao jingine katikati, huwatosha wanaoanza. Pilipili huhesabiwa katika kundi hili na watu wengi, ila mimi siiamini, kwa kuwa nyuki huyatembelea maua yake na kuchanganya kali na tamu. Mahindi, spinachi na viazisukari hutegemea upepo, na chavua yao husafiri mbali. Maboga, matango, matikiti, vitunguu, karoti, kabichi, figili na alizeti huhitaji wadudu, na hapo ndipo mizinga yenu inapokuwa neema na pia hatari.

Kanuni iliyo rahisi kuliko zote ni kupanda kwa ajili ya mbegu aina moja tu ya kila spishi, yaani kundi la mimea inayozaana yenyewe kwa yenyewe, kwa msimu. Jambo la kuzingatia ni neno spishi, kwa sababu majina ya sokoni hupotosha. Maboga yanayolimwa zaidi yako katika spishi tatu, nazo ni Cucurbita pepo, Cucurbita maxima na Cucurbita moschata. Aina mbili za maboga zilizo katika spishi moja huchanganyika hata kama zinatofautiana sana kwa sura, ilhali boga moja la kila spishi kati ya hizo tatu huweza kupandwa pamoja bila wasiwasi mkubwa. Tango na tikiti havichanganyiki na maboga hata kidogo, ingawa watu wengi huamini hivyo.

Msimu wetu wa pili tuliliruhusu boga la mapambo, lililojiotea kando ya lundo la mboji, lichanue karibu na maboga madogo ya kupikia ya spishi hiyohiyo. Matunda ya mwaka huo yalikuwa mazuri. Mwaka uliofuata tulipanda mbegu zake, na tunda la kwanza tulilolikata lilikuwa chungu kiasi kwamba ulimi ulilikataa kabla hatujatafuna. Uchungu huo ni sumu inayoitwa kukurbitasini, na boga lenye uchungu wa namna hiyo halifai kuliwa hata likipikwa, kwa kuwa humsababishia mtu kuumwa tumbo na kutapika vibaya. Tulitupa mbegu zote za ukoo huo. Tangu hapo, yeyote anayezalisha mbegu za maboga nasi huambiwa aonje kipande kidogo kibichi cha kila tunda la mbegu, akiteme, na kulitenga mara moja tunda lenye uchungu.

Jambo jingine la kujua mapema ni kwamba mbegu chotara zinazouzwa madukani hazizai watoto wanaofanana na mzazi. Anzeni na aina zinazojirudia zenyewe. Pia karoti, kabichi na vitunguu huhitaji kupitia wiki kadhaa za baridi ndipo vitoe maua, na pale ambapo baridi hiyo haipo, msipoteze ardhi kwa kusubiri.

Kuweka mizinga na kuikagua

Anzeni na mizinga miwili. Mmoja hauna cha kulinganishwa nao, hivyo mgeni wa kazi hawezi kujua kama udhaifu anaouona ni wa msimu au ni wa kundi lile peke yake. Tena mzinga uliompoteza malkia huweza kuokolewa kwa kupewa sega lenye mayai kutoka kwa jirani yake. Mizinga iwekwe juu ya vigingi vinavyozuia siafu na sisimizi, milango yake ielekee upande usiopitwa na watu wala mifugo, na pawe na maji ya kina kifupi yenye mawe au vijiti ambavyo nyuki watasimama juu yake. Maji yawekwe kabla nyuki hawajafika, kwa maana wakishazoea birika la jirani ni vigumu kuwarudisha. Kabla ya mtu yeyote wa familia kupewa kazi mzingani, jueni kama ana mzio wa sumu ya nyuki. Mwenye mzio mkali apewe kazi ya mbegu na asikaribie manzuki, yaani mahali penye mizinga.

Ukaguzi mmoja mzuri huenda hivi. Siku iwe kavu na isiyo na upepo mkali, na pale ambapo nyuki ni wakali, kazi ifanywe jioni jua linapozama. Mtu amevaa vazi kamili na amewasha bomba la moshi kwa majani makavu au magunzi, na moshi wake ni mweupe na wa baridi anapoujaribu kwenye kiganja. Hupuliza mara 2 au 3 mlangoni kisha husubiri dakika moja au mbili, kwa sababu moshi hufunika harufu ya tahadhari na huwafanya nyuki wengi waingie kujaza matumbo asali. Harufu ya tahadhari inafanana na ya ndizi mbivu. Akiinusa ghafla, ajue kuna aliyeumwa au aliyeponda nyuki, aukwangue mwiba haraka na kupuliza moshi mahali hapo. Kisha huanza na sega la pembeni lisilo na majana, yaani watoto wa nyuki, ili apate nafasi ya kuyasogeza mengine bila kumsugua malkia. Si lazima amwone malkia. Mayai yaliyosimama wima chini ya vitundu huonyesha kwamba alikuwa akitaga ndani ya siku 3 zilizopita, na hilo latosha. Huangalia tena kama majana yamefunikwa kwa mpangilio uliojaa, kama kuna akiba ya asali na chavua, na kama kuna vikombe virefu vya malkia vinavyoning'inia ukingoni mwa sega.

Vikombe hivyo ndivyo vinavyoweka ratiba. Malkia hutoka siku ya 16 tangu yai kutagwa, kibarua siku ya 21 na dume siku ya 24, na kundi linalojiandaa kugawanyika huweza kuondoka mara tu kikombe cha kwanza kinapofunikwa, yaani karibu na siku ya 8. Wakati mbochi unapoanza kuwa mwingi, kagueni basi kila baada ya siku 7, na mkikuta vikombe vyenye majana ligawanyeni kundi wenyewe katika mizinga miwili. Nje ya kipindi hicho, kuwafungua mara kwa mara ni kuwasumbua bure.

Pale ambapo utitiri wa varoa, wadudu wadogo wanaoshambulia nyuki, umeenea, pimeni kwa namba badala ya kukisia. Chukueni nyuki wapatao 300 kutoka sega la majana, ambao hujaza nusu kikombe cha chai hivi, baada ya kuhakikisha malkia hayumo. Wawekwe katika chupa yenye mfuniko wa wavu pamoja na sukari ya unga, watikiswe polepole, na utitiri unaoanguka uhesabiwe. Utitiri 9 kwa nyuki 300 ni asilimia 3, na wafugaji wengi hawasubiri zaidi ya hapo kabla ya kutibu. Dawa isiwekwe wakati masega ya asali ya kurina yakiwa mzingani, isipokuwa maelezo yake yanaruhusu waziwazi. Vivyo hivyo maji ya sukari: wapeni nyuki wakati wa njaa, kamwe si wakati wanapojaza asali mtakayoiuza, maana wataihifadhi sukari yenu na ninyi mtaiuza kwa jina la asali.

Nyuki kazini katika shamba la mbegu

Mzinga hausogezwi ovyo. Nyuki wamekariri mahali na watarudi palepale, hivyo ndani ya shamba usogezwe chini ya mita 1 kwa siku, au uhamishwe kwa mara moja zaidi ya kilomita 5. Kama mnaupeleka mzinga kwenye shamba la mbegu lililo mbali, upelekeni usiku, baada ya maua machache ya kwanza kufunguka. Mkiupeleka mapema nyuki watazoea malisho mengine yaliyo karibu, na hili huonekana zaidi kwenye vitunguu, ambavyo mbochi wake hauwavutii sana nyuki wakiwa na chaguo jingine. Kwa maboga, matango na matikiti, mizinga 2 hadi 5 kwa hekta hutosha. Ua jike la tikiti huhitaji kutembelewa mara nyingi ndani ya asubuhi moja ili tunda lijae vizuri, kwa sababu baada ya siku hiyo ua hufumba.

Sumu za wadudu ni jambo ambalo shamba hili haliwezi kulichezea. Zao lililo katika maua lisinyunyiziwe sumu hata iwe inaitwa ya asili, kwa kuwa zipo za asili zinazoua nyuki. Ongeeni na majirani mapema, waambieni mizinga iko wapi, na muwaombe wanyunyizie jioni baada ya nyuki kurudi. Wengi hukubali wakiombwa kwa heshima, hasa wakijua kwamba maboga yao wenyewe yanachavushwa na nyuki wenu.

Palipo na aina mbili za spishi moja, yenu au ya jirani, njia ya kwanza ni umbali, na wazalishaji wengi hutenganisha maboga kwa kilomita 1 au zaidi. Njia ya pili ni muda, yaani kupanda moja mapema ili iishe kuchanua kabla ya nyingine kuanza. Njia ya tatu, ifaayo kwa vitunguu na karoti, ni vyandarua viwili: leo aina moja hufunikwa na nyingine huachwa wazi, kesho hubadilishwa. Kwa maboga, hata hivyo, hakuna kinachoshinda mkono wa mtu, na watoto wenye umri wa kushika uzi huifanya kazi hii vizuri kuliko wazee.

Jioni, tafuteni maua yatakayofunguka kesho. Ncha zake zimeanza kuwa za njano lakini bado zimefumba. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake, na ua dume lina kikonyo chembamba kisicho na kitu. Fungeni ncha za yote mawili kwa uzi laini au tepu. Asubuhi, umande ukikauka, chumeni maua dume 2 au 3 kutoka kwa mimea mingine ya aina ileile, mzing'oe petali zake mpaka kibaki kijiti chenye vumbi la njano. Lifungueni ua jike polepole, mpakaze vumbi hilo kwenye kila pembe ya kichwa chake cha katikati, kisha mrudishe petali na kufunga tena. Nyuki akiwahi kutua ndani wakati ua li wazi, liacheni hilo na mwende kwa jingine. Kikonyo cha tunda kifungwe uzi wa sufu wa rangi, usiobana, kwa sababu miezi miwili baadaye majani yatakuwa yameficha kila kitu na uzi huo ndio utakaowaambia ni tunda lipi la mbegu.

Idadi ya mimea nayo ina uzito wake. Nyanya au saladi chache zatosha kutoa mbegu nzuri, lakini mazao yanayochanganyika hudhoofika yakitokana na wazazi wachache. Kwa vitunguu na karoti sipendi kushuka chini ya mimea 50, na kwa mahindi chini ya 100. Miongoni mwa hiyo, mmea usiofanana na wenzake, uliougua au unaoelekea kuchanua kabla ya wakati, ung'olewe kabla haujachanua. Ukisubiriwa, nyuki watakuwa wameshaisambaza chavua yake.

Kurina asali na kuvuna mbegu

Taabu ya mashamba haya ni kwamba asali na mbegu mara nyingi huiva wakati mmoja. Gawaneni kazi mapema: wawili waende mzingani, waliobaki wabaki na mbegu, na nguo zilizoguswa na asali zisiingie kwenye chumba cha kukaushia. Rineni masega yaliyofunikwa nta karibu yote. Sega lisilofunikwa likitikiswa na matone yakaruka, huo bado ni mbochi. Asali iwe na maji chini ya asilimia 20, na mimi huona asilimia 18 ni salama zaidi kwa asali itakayokaa muda mrefu. Ikizidi hapo huweza kuchacha. Masega ya majana yabaki, na akiba ya kuwavusha nyuki kwenye miezi ya njaa ibaki nayo, hata kama mnunuzi anangoja. Asali ichujwe bila kuchemshwa. Chupa iandikwe kwamba mtoto aliye chini ya miezi 12 asipewe, kwa kuwa asali huweza kubeba vimelea vinavyomletea mtoto mchanga ugonjwa wa botulizimu.

Mbegu ziko za majimaji na za kavu. Nyanya hukamuliwa pamoja na ute wake katika chupa na kuachwa siku 2 au 3 mpaka utando wa ukungu utokee juu, kisha huoshwa. Nzuri huzama na tupu huelea. Tango liachwe mtini mpaka ligeuke njano na kulainika. Boga likishakomaa na kuchumwa likae wiki 3 au zaidi kabla ya kupasuliwa, kwa sababu mbegu huendelea kujaa ndani yake. Vichwa vya vitunguu hukatwa pamoja na kipande cha bua mbegu nyeusi zinapoanza kuonekana, na maganda ya kabichi na figili yakikauka mengi. Hayo hukatwa asubuhi na mapema yangali na umande, la sivyo ya kabichi hupasuka na kumwaga mbegu ardhini. Kisha ni kupura na kupepeta kwa ungo katika upepo mwepesi.

Kaushieni kivulini penye hewa, juu ya sahani au kitambaa, joto lisizidi nyuzi 35. Mbegu ya boga iliyokauka huvunjika ikikunjwa, na haragwe hupasuka likigongwa kwa nyundo, likibonyea, bado. Kila asilimia 1 ya unyevu inayopungua ndani ya mbegu huongeza maisha yake karibu mara mbili, na kila nyuzi 5 za joto zinazopungua ghalani hufanya vivyo hivyo. Zikiisha kukauka sawasawa, zifungwe katika chupa za kioo zisizopitisha hewa, zikae gizani na penye ubaridi. Maharage yanaweza kuwekwa siku chache kwenye friza ili kuua fukusi, mradi yamekauka kabisa.

Kabla ya kuuza au kupanda, pimeni uotaji: mbegu 100 juu ya karatasi nyevu iliyoviringishwa, mahali penye vuguvugu, na baada ya siku zinazofaa kwa zao hilo hesabuni zilizoota vizuri. Mbegu za vitunguu hupoteza nguvu ndani ya mwaka 1 au 2, hivyo zipimwe kila mwaka. Za nyanya, maboga na matango huweza kukaa miaka 4 au zaidi zikihifadhiwa vyema. Kila chupa iwe na karatasi ndani na nyingine nje, yenye jina la zao, spishi, aina, mwaka, idadi ya mimea iliyozaa, namna ilivyotengwa na asilimia ya uotaji. Daftari la mizinga liwekwe pamoja na daftari la mbegu, kwa tarehe zilezile, ili siku mtakapouliza kwa nini mbegu za msimu fulani zilikuwa chache, muweze kuona kama kundi lilikuwa limegawanyika wiki ambayo maua yalikuwa wazi. Na katika kila aina, wekeni akiba ya mbegu ambayo haiuzwi wala haipandwi mwaka huo, ili ukame, mvua ya mawe au kosa la uchavushaji likitokea, muwe na mbegu safi za kuanzia tena.